Vumbi, chafya na kidonge cha mafua: Mzazi, uliza kilichomo ndani

Kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi karibu na Novemba, vumbi ndilo mgeni wa kila nyumba Shinyanga na Geita. Linatoka barabarani, mashambani baada ya mavuno na kwenye vinu vya kuchambua pamba. Kwa wanaoishi Nyarugusu, Rwamagasa au Mwakitolyo, linatoka pia kwenye karasha zinazosaga mawe ya dhahabu. Watoto wanapiga chafya, macho yanawasha, pua zinaziba. Mzazi anakwenda duka la dawa na kusema, "Nipe dawa ya mafua." Anapewa vidonge kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa 1x3, analipa, anaondoka.

Bahasha hiyo mara nyingi haina jina la dawa, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Vidonge vingi vya mafua na aleji ni mchanganyiko. Ndani yake kuna dawa ya kuzuia mzio, mara nyingi klorofeniramini, ileile iliyomo kwenye Piriton. Hii hupunguza chafya, makamasi na muwasho. Kuna dawa ya kuzibua pua, ambayo kazi yake ni kubana mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua ili hewa ipite. Na mara nyingi huongezwa parasetamo ya maumivu na homa, pengine na kafeini.

Sasa fikiria baba mwenye mafua na kichwa kinachomuuma. Anameza vidonge viwili vya mchanganyiko kutwa mara tatu, halafu kwa kuwa kichwa hakijatulia, anaongeza Panadol mbili kutwa mara tatu. Ikiwa kila kidonge kina miligramu 500 za parasetamo, kwa siku moja amemeza miligramu 6,000. Mwisho kwa mtu mzima ni 4,000. Parasetamo ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mgonjwa anaweza asihisi chochote cha kumtisha. Hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu kwamba dawa mbili zenye majina tofauti ni dawa moja.

Dawa ya kuzibua pua nayo haibani mishipa ya pua peke yake. Hubana pia mishipa mingine mwilini, na ndiyo maana presha inaweza kupanda na moyo kwenda mbio. Bibi anayetumia dawa za presha, mtu mwenye ugonjwa wa moyo, mzee mwenye tezi dume inayomsumbua kukojoa au mwenye presha ya macho, wote hawafai kupewa mchanganyiko huu bila mhudumu wa afya kujua hali zao. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikubali onyo kwamba sudoefedrini, mojawapo ya dawa hizo, isitumiwe na mwenye presha kali au isiyodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo. Mama anayenyonyesha ajue kuwa sudoefedrini inaweza kupunguza maziwa. Mjamzito asimeze kabla ya kuuliza kliniki.

Kwa vijana wa machimboni kuna jambo lao: vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini ya kopo ikikutana na kafeini ya kidonge na dawa ya kubana mishipa, mapigo ya moyo hayatatulia.

Halafu kuna fenilefrini, ambayo kwenye pakiti jina lake huanza na herufi P na H. Ndiyo dawa ya kuzibua pua iliyomo kwenye vidonge vingi. Septemba 2023 jopo la wataalamu wanaoishauri mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, walipiga kura 16 kwa 0 kwamba ikimezwa kwa kipimo cha kawaida haizibui pua. Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za kumeza zinazouzwa bila cheti cha daktari. Si kwamba ni sumu. Ila mzazi mwenye kipato kidogo ana haki ya kujua kwamba huenda analipia kitu kisichomsaidia.

Mtoto si nusu ya mtu mzima

Kukata kidonge cha baba katikati na kumpa mtoto wa miaka mitatu ni hatari. Mwaka 2008 Marekani ilionya kwamba dawa hizi za mafua na kikohozi zisitumiwe kwa watoto chini ya miaka 2, na watengenezaji wakabadili maandishi ya pakiti kusema chini ya miaka 4. Uingereza mwaka 2009 ilisema chini ya miaka 6 wasipewe kabisa. Klorofeniramini ikizidi kwa mtoto, anaweza kulala kupita kiasi, au kinyume chake akahangaika, akaweweseka na hata kupata degedege. Ndiyo maana kumpa mtoto dawa ya mafua ili alale mapema, jambo linalofanyika kimyakimya majumbani, liachwe.

Kwa aleji ya kawaida isiyoziba sana pua, mara nyingi dawa moja ya kuzuia mzio inatosha. Setirizini na loratadini hazileti usingizi mwingi kama klorofeniramini, na zipo za maji kwa watoto kuanzia miaka 2, kwa kipimo atakachotoa mhudumu. Tumia kifaa cha kupimia kilichokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani havilingani. Matone ya kuzibua pua nayo yasizidi siku tano hivi, maana yakizoeleka pua huziba zaidi yanapoachwa.

Usingizi huo huo ni suala la maisha kwa baba anayeshuka duarani kwa kamba, anayelisha mawe kwenye karasha au anayeendesha bodaboda. Akinywa na pombe juu yake, usingizi unaongezeka maradufu. Ikiwa lazima atumie klorofeniramini, ainywe usiku asipokuwa na zamu, na ajue kwamba asubuhi kichwa kinaweza bado kuwa kizito.

Dukani, uliza maswali matatu: dawa hii inaitwaje, ndani yake kuna nini, na je, kuna parasetamo? Omba jina liandikwe kwenye bahasha. Taja presha, ujauzito, umri wa mtoto na dawa nyingine zilizopo nyumbani.

Kidonge kisifunike ugonjwa mwingine. Aleji huja na chafya, makamasi mepesi na muwasho; haileti homa. Mtoto anayepumua haraka, mbavu zikibonyea, au asiyeweza kunyonya, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Na mchimbaji anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayepungua uzito au kutoka jasho usiku, asiendelee kununua dawa ya mafua. Vumbi la mawe huumiza mapafu na kumweka karibu zaidi na kifua kikuu, ambacho hupimwa na kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Wakati akisubiri majibu, nguo za kazini azivue nje na anawe kabla ya kumbeba mtoto.