Jiko la mkaa chumbani na gesi inayoua wachimbaji

Oktoba 14, 1913, mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd, Wales, ulilipuka na kuua wachimbaji 439. Makaa ya mawe hutoa methani, gesi ambayo ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Senghenydd zilishukiwa nyaya za kengele za umeme. Ndiyo maana vifaa vya umeme vya migodi hiyo hutengenezwa kwa namna ya pekee, ili cheche isilipue gesi ya mgodini.

Pengine unasema hayo ni ya wachimbaji. Lakini katika milipuko hiyo wengi hawafi kwa moto. Mwaka 1896, Dk. John Scott Haldane alichunguza miili ya waliokufa mgodi wa Tylorstown, hukohuko Wales, akabaini wengi waliuawa na kaboni monoksaidi, gesi inayobaki baada ya mlipuko. Gesi hiyohiyo hutoka kwenye jiko lako la mkaa na kwenye jenereta.

Haina rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Na usidanganywe na mkaa ulioshika ukawa mwekundu bila moshi. Huo ndio watu huingiza chumbani usiku wa baridi, na gesi bado inatoka.

Haldane alipendekeza wachimbaji waingie na viumbe wadogo. Uingereza ilitumia ndege aina ya kanari hadi 1986, kwani hupumua haraka na hulegea kabla ya mtu. Mzazi, nyumbani kwako kanari ni mtoto. Naye hupumua haraka kuliko wewe, hivyo huanza kudhurika mapema. Mtoto aliye tumboni naye yumo hatarini, hata mama akijiona ana nafuu.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kuishiwa nguvu. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Angalia kama mnaumwa wote kwa pamoja, bila homa, na mkitoka nje mnapata nafuu.

Ukimkuta mtu amelegea, fungua mlango, mtoe nje haraka na umkimbize hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayasaidii, sumu iko kwenye damu, si tumboni.

Ukifika, taja jiko kabla hujaulizwa. Kile kipimo kinachobanwa kidoleni hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye gesi hii, kinaweza kuonyesha asilimia 98 mgonjwa akiwa taabani. Mhudumu asiyejua habari ya jiko anaweza kumrudisha mwanao nyumbani na panadol.