Kukinga Mvua kwa Kikombe



Juma lililopita nilipata barua ya msikilizaji ambaye mama yake anaugua saratani. Mama huyo alipelekwa kupigwa picha ya PET. Alichomwa sindano, akalazwa peke yake chumbani kama saa moja, kisha akaingizwa ndani ya mashine iliyo kama pete. Alipotoka aliambiwa asimpakate mjukuu wake siku ile. Mwenzetu anauliza: hiyo ni picha gani inayomtia mtu mionzi mwilini?

Swali ni la haki, nami nitalijibu kwa kueleza kazi ya mtu mmoja.

Picha ya eksirei hupigwa kwa mionzi inayotoka nje na kupenya mwilini. PET ni kinyume chake: mionzi hutoka ndani. Sindano ile ina sukari iliyotiwa chembe zenye mionzi. Aina nyingi za saratani zina uroho wa sukari, kwa hiyo hujikusanyia nyingi kuliko sehemu zilizo jirani. Kila chembe inapovunjika, hutokea miale miwili ya gama inayokwenda pande mbili tofauti, huku na kule. Vinasa mionzi vilivyomo ndani ya pete huipokea yote miwili kwa wakati mmoja, na kompyuta huchora mstari kati yake. Mistari ikiwa mamilioni, hapo inapokutana kwa wingi ndipo penye shaka.

Lakini pete ya mashine ya kawaida hufunika kama sentimeta 20 hadi 30 tu za mwili. Inapotazama kifua, miale ya tumboni na miguuni hupotea bure. Inayonaswa haifiki hata 1 kati ya 100. Ni sawa na kukinga mvua ya masika kwa kikombe.

Simon Cherry, Mwingereza aliyesomea fizikia London, alikwenda Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1989. Katika miaka ya 1990, yeye na wenzake waliunda mashine ndogo ya PET ya kuwapiga picha panya wa maabara. Mwaka 2001 akahamia Davis, akiwa profesa wa uhandisi wa tiba. Huko, yeye na mwenzake Ramsey Badawi walijiuliza: kwa nini pete isiwe ndefu kama mtu?

Swali jepesi, lakini kulijibu kulichukua zaidi ya miaka 10, maana gharama ilitisha. Mwaka 2015 walipata dola milioni 15.5 za serikali ya Marekani. Kampuni ya United Imaging ya Shanghai ikaiunda mashine pamoja nao, na mwaka 2018 picha za kwanza za binadamu zikaonyeshwa. Mashine hiyo, EXPLORER, ina urefu wa sentimeta 194 na fuwele za kunasia mionzi zaidi ya 500,000. Kwa picha ya mwili mzima, hunasa miale kama mara 40 zaidi.

Mara 40 zamfaa nini mgonjwa? Daktari anaweza kumaliza picha kwa dakika moja badala ya 20, mwenye maumivu asiteseke kulala bila kujitikisa. Au anaweza kupunguza sana dawa yenye mionzi, jambo kubwa kwa watoto. Au anaweza kuona uvimbe mdogo uliokuwa ukijificha. Hawezi kuyapata yote kikamilifu kwa mara moja, lazima achague.

Mtasema mashine hiyo ni ya matajiri. Ni kweli, tena bei yake ni kubwa mno. Lakini fikra yake haina bei. Wengi wetu tukipungukiwa hudai kuongezewa. Profesa huyu hakutaka dawa kali zaidi. Alitazama kwanza kinachomwagika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kibaba kinachovuja.

Nawe mwenzetu uliyeandika, usiwe na hofu. Dawa ile hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110. Ikichomwa saa nne asubuhi, kufikia usiku wa manane hubaki kidogo sana. Ndiyo maana mama aliambiwa siku ile tu. Kesho yake, mjukuu apakatwe.