Vita viliisha Paris, wapagazi wa Kariokor wakasahauliwa

TOLEO la Novemba 16, 1918 la jarida la Kifaransa L'Illustration ni miongoni mwa machapisho ya kale yanayotafutwa na wakusanyaji wa vitu vya zamani. Lilitoka jijini Paris siku tano tu baada ya Ujerumani kutia saini mkataba wa kusitisha Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Nakala za jarida hilo la kila juma zingalipo kwa sababu wasomaji wake wengi walikuwa na desturi ya kuzijalidi na kuzihifadhi kama vitabu.

Siku hiyo Paris ilikuwa ikisherehekea ushindi. Afrika Mashariki, wapagazi walikuwa wangali njiani na mizigo vichwani.

Mkataba wenyewe haukulisahau eneo hili. Kifungu cha 17 kiliyataka majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakipigana Afrika Mashariki yaondoke katika muda ambao washindi wangeuweka. Hata hivyo, kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, alizipata habari hizo baada ya askari wake kumkamata tarishi wa Waingereza aliyekuwa akisafiri kwa pikipiki. Alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, Novemba 25, majuma mawili kamili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya.

Athari za vita hivyo haziko mbali na wakazi wa Nairobi. Abiria anayeshuka matatu Muthurwa aweza kutembea kwa miguu hadi Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na kambi ya Kikosi cha Wapagazi, yaani “Carrier Corps” kwa matamshi ya wenyeji. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo ina asili iyo hiyo.

Wapagazi walihitajika kwa sababu barabara zilikuwa haba na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kubebea mizigo. Waingereza waliwaandikisha watu wapatao milioni moja, wengi wao kwa kulazimishwa. Walioangamizwa na risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa na chakula wasichokizoea. Takwimu rasmi zilikiri vifo vya wapagazi wapatao 95,000.

Hawakuwa na jarida la kuwaandika. Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapishwa Tanga chini ya Wajerumani, lilikoma mwaka wa 1916 vita vikiwa vingali vimepamba moto. Magazeti ya Nairobi, kama vile East African Standard, yaliandikwa kwa Kiingereza na yalisomwa zaidi na walowezi. Maelfu ya wapagazi walifariki kabla ya kulipwa ujira wao, na jamaa zao hawakuupata kamwe.

Walionusurika walirejea nyumbani wakakuta amri mpya. Sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka wa 1915 na kucheleweshwa na vita, ilianza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Wafanyakazi wa reli walioishi katika nyumba za Muthurwa miaka iliyofuata nao walilazimika kubeba cheti hicho.

Mwaka wa 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliofia upande wa Waingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi na kuahidi kuyatafuta majina hayo.

Kazi hiyo haiwezi kukamilishwa London peke yake. Baadhi ya majina yamo katika daftari za utawala wa kikoloni, na mengine yamo vinywani mwa wazee ambao babu zao waliondoka wasirudi. Daftari zaweza kungoja. Wazee hawana muda huo.