Kuuliza ni Mlango wa Yakini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, tunakuusieni, nasi tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba mwenye kuuliza juu ya dini ana shaka moyoni. Mtoto akiuliza chuoni hukemewa, naye hunyamaza. Na sisi huuhesabu ukimya wake kuwa ndiyo imani. Na tulipime jambo hili kwa mfano ulio karibu nasi.

Hapa Mkuyuni, jijini Mwanza, tunaishi kando ya Ziwa Viktoria. Sato, sangara na dagaa ni kitoweo na riziki ya nyumba nyingi. Mtoto aliyefundishwa kuwa mbuzi asiyechinjwa ni haramu ana haki ya kuuliza: mbona samaki hachinjwi, nasi twamla? Na akisoma katika Suratul Maida, aya ya 96, kwamba tumehalalishiwa vinavyovuliwa baharini, ataongeza: je, na ziwa lenye maji matamu?

Swali hilo si ukaidi. Sahaba mmoja alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba wao husafiri baharini na maji machache ya kunywa, je, yafaa kutawadha kwa maji ya bahari? Mtume akamjibu kwamba maji hayo yanatohirisha, kisha akamzidishia asiloliuliza: kwamba mfu wa baharini ni halali. Hadithi hii wameipokea Imamu Malik, Abu Daud na Tirmidhi. Ama maji matamu, Suratul Fatir, aya ya 12, inazitaja bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi, na kwamba katika zote mbili watu hupata nyama ya kula. Basi swali la msafiri yule linamfaa mvuvi wa Mkuyuni hata leo.

Nabii Ibrahim (A.S.) naye alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Alikuwa ameamini tayari; alitaka moyo wake utulie. Hakukemewa, bali alionyeshwa, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 260.

Lakini kuuliza kuna adabu zake. Katika sura hiyo hiyo, Wana wa Israili walipoamrishwa kuchinja ng'ombe waliuliza swali juu ya swali, hata wakakaribia kutotenda. Muumini huuliza ili ajue, na akijua hutenda.

Enyi wazazi na walimu, tusione haya kusema hatujui. Malaika Jibrili alipouliza habari za Kiyama, Mtume mwenyewe alijibu kwamba muulizwa hamshindi muulizaji kwa kulijua hilo. Tuifungue pamoja na watoto Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, au tuwaendee wanavyuoni. Mtoto tuliyemnyamazisha hakuacha kuuliza. Ameacha kutuuliza sisi tu, na huenda akawauliza wasioijua dini.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu, na uzithibitishe nyoyo zetu na za watoto wetu katika dini yako. Amin.