Matamasha ya Nyimbo na Urafiki wa Mataifa (2): Nani Aimbe kwa Lugha Gani?

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mji mdogo wa Llangollen, kaskazini mashariki mwa Wales, ulivyoanzisha tamasha la kimataifa la kwaya mwezi Juni 1947. Wazo lilitoka kwa mwandishi wa habari Harold Tudor, na mambo ya muziki yakasimamiwa na mtunzi W. S. Gwynn Williams. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imemalizika miaka miwili tu nyuma, na nchini Uingereza mkate ulikuwa bado unanunuliwa kwa mgao. Hata hivyo wenyeji walichanga fedha na kuwapokea wageni majumbani mwao. Leo tunaingia kwenye suala linalomsumbua kila mwandaaji wa tamasha la namna hii, nalo ni lugha.

Wapo wanaosema suala hilo halipo, kwa kuwa muziki hauhitaji mkalimani. Kauli hiyo ni tamu, lakini ukweli wake ni nusu. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi wamecheza nyimbo za wanamuziki wa Kongo, Franco na Tabu Ley, kwa miongo mingi. Wengi wao hawakuwahi kujua Franco alikuwa akimlaumu nani wala akimdhihaki nani kwa Kilingala chake. Walimpenda, wakanunua santuri zake, wakaiga magitaa yake. Lakini Franco msimulizi, yule aliyewachekesha na kuwakera watu wa Kinshasa, hakuwafikia. Ikiwa lengo la tamasha ni watu wa mataifa kufahamiana, basi midundo peke yake haitoshi.

Hapo ndipo linapozuka swali la kanuni. Je, mwimbaji alazimishwe kuimba kwa lugha yake, au aachiwe achague?

Mashindano ya nyimbo ya Eurovision yametupa jibu la miaka mingi. Yalianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, yakiwa na nchi 7. Mwanzoni kila nchi ilileta wimbo wa lugha yake bila kuambiwa. Mwaka 1965 Ingvar Wixell wa Sweden akaimba kwa Kiingereza, na mwaka uliofuata ikawekwa kanuni kwamba kila nchi itumie lugha yake. Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 1973. Mwaka 1974 ABBA, nao wa Sweden, wakashinda kwa wimbo wa Kiingereza, "Waterloo". Kanuni ikarudishwa mwaka 1977, ikaondolewa tena mwaka 1999, na mwaka huohuo Sweden ikashinda kwa Kiingereza kwa mara nyingine. Tangu hapo Kiingereza kikatawala jukwaa hilo.

Hakuna aliyeshurutishwa. Kila nchi ilipiga hesabu zake na kuona kwamba kura zitapatikana kwa lugha inayosikika na wengi. Nchi zote zilipopiga hesabu hiyohiyo, mashindano yaliyokuwa yakionyesha Ulaya katika wingi wake yakaanza kusikika kama redio moja. Lakini tazama washindi wa miaka ya karibuni: Ureno mwaka 2017 kwa Kireno, Italia mwaka 2021 kwa Kiitaliano, Ukraine mwaka 2022 kwa Kiukraine. Inaonekana watazamaji hawaogopi lugha wasiyoielewa. Wenye hofu ni wale wanaoteua nyimbo za kupeleka.

Hata hivyo kanuni ya kulazimisha haikuwa ya haki kwa wote. Katika miaka ya 1990, ilipokuwa bado inafanya kazi, Ireland ilishinda mara nne, na watu wengi walinung'unika kwamba wenye Kiingereza chao wanapendelewa. Mwimbaji wa Finland alibanwa na lugha yake, ilhali wa Ireland alikuwa na lugha inayosikika bara zima. Kwa hiyo kuondolewa kwa kanuni kulikuwa na sababu. Kosa lilikuwa kuiondoa bila kuweka kitu kingine mahali pake.

Turudi Wales, maana huko walipata njia nyingine. Wawelisi wana mkutano wao wa kale wa washairi na waimbaji, uitwao eisteddfod, ambao asili yake hutajwa kuwa mwaka 1176, katika ngome ya mtawala Rhys ap Gruffydd mjini Cardigan. Mshairi bora hutunukiwa kiti. Msomaji aliyekulia pwani yetu hatapata shida kuielewa hamu hiyo ya kushindana kwa maneno, maana mshairi Muyaka bin Haji na wenzake wa Mombasa waliijua vema. Tangu mwaka 1950 mkutano wa kitaifa wa Wales huendeshwa kwa Kiwelisi peke yake, ili lugha iliyosongwa na Kiingereza iwe na mahali pa kupumua.

Watu hao hao waliojiwekea kanuni kali nyumbani ndio walioanzisha Llangollen, ambako kwaya ya taifa lolote inakaribishwa pamoja na lugha yake. Mwaka 1949 walipokea kikundi kutoka Lübeck, Ujerumani, wakati makaburi ya vita yalikuwa bado mabichi, na hadhira ikawashangilia. Mwaka 1955 ilifika kwaya ya Modena, Italia. Miongoni mwa waimbaji wake walikuwamo mwoka mikate Fernando Pavarotti na mwanawe Luciano, kijana wa miaka 19. Kwaya hiyo ilishinda, na baadaye Luciano alisema ushindi huo ndio uliomsukuma kuwa mwimbaji wa kazi. Mtu aliyetulia katika lugha yake hana sababu ya kuihofia ya mgeni. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa hawezi kuwa mwenyeji wa mtu.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kwaya hujifunzaje wimbo wa lugha isiyoijua? Mwalimu makini haanzi na noti. Huandika kwanza matamshi, mara nyingi kwa alfabeti ya kimataifa ya fonetiki, kisha maana ya kila neno. Wanakwaya husoma maneno kwa mdundo bila kuimba, mpaka ulimi uzoee. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi huja baadaye. Katika hatua hizo mwimbaji anajua anachosema na anakisema kama wenyewe wanavyokisema. Hayo ni mafunzo ya heshima ambayo hotuba ya mgeni rasmi haiwezi kuyatoa.

Kiswahili kina bahati katika kazi hii. Irabu zake tano ni wazi, na silabi nyingi huishia na irabu, jambo ambalo walimu wa kuimba hulipenda. Ndiyo maana "Baba Yetu" ya Christopher Tin, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005 na kupata tuzo ya Grammy mwaka 2011, huimbwa na kwaya nyingi ambazo hazina hata Mswahili mmoja. Lakini mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wapo watunzi wageni wanaousahau. Hata waumini wetu wanaujua usumbufu huo katika nyimbo za kanisa zilizowekwa maneno ya Kiswahili juu ya tuni za Ulaya, pale pigo zito linapoangukia silabi isiyostahili.

Huku kwetu mbegu ipo. Katika mashindano ya muziki ya shule za Kenya, wanafunzi wamezoea kuimba nyimbo za asili za jamii zisizo zao. Zanzibar nako, tamasha la Sauti za Busara, lililofanyika kwa mara ya kwanza Februari 2004, hukusanya wanamuziki wa Afrika ndani ya Ngome Kongwe, kwa sharti kwamba kila anayepanda jukwaani aimbe na kupiga muziki papo hapo. Kama sharti hilo limewezekana, la lugha nalo linawezekana.

Pendekezo langu kwa matamasha yetu ni masharti matatu mepesi. Kila kikundi kiimbe walau wimbo mmoja kwa lugha yake na mmoja kwa lugha ya wenyeji. Maana ya kila wimbo ichapishwe kwa Kiswahili na kugawiwa mlangoni. Na kabla ya onyesho kuwe na kikao cha mchana ambapo mgeni anamfundisha mwenyeji kiitikio, na mwenyeji anamfundisha mgeni chake. Haya hayamnyimi mtu uhuru wa kuimba atakavyo katika muda uliobaki.

Yana gharama, bila shaka. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha, licha ya jina lake kubwa. Wiki ijayo tutauliza nani hulipa, na anayelipa hutaka nini.