Kilimanjaro: Kila Rekodi na Sharti Lake

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mlima wenyewe umesheheni sifa za "kuliko wote". Ukitaka kushinda ubishi wa kijiweni, usikariri rekodi peke yake. Kariri na sharti lake.

Mlima mrefu kuliko yote Afrika

Hapa hakuna mpinzani. Kilele cha Uhuru, kilichoko kwenye koni ya Kibo, ndicho cha juu kabisa barani. Kinachobishaniwa ni mita tatu tu: kibao cha kileleni kinasema 5,895, kipimo cha enzi za ukoloni, ilhali vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 na 2008 vilitoa takriban 5,892. Kibao hakijabadilika.

Mrefu duniani kati ya milima iliyosimama peke yake

Everest umezungukwa na ndugu zake. Kilimanjaro umechomoza kwenye tambarare na kupanda kama mita 4,900 kutoka chini hadi juu. Sharti: hesabu nchi kavu tu. Ukiihesabu na bahari, Mauna Kea wa Hawaii, ambao kitako chake kimezama Pasifiki, unapita mita 10,000.

Kilele cha tatu Afrika

Wengi watajibu Margherita, wa Ruwenzori, wenye mita 5,109. Lakini Mawenzi, jirani wa Kibo, una mita 5,149, na mbele yake ipo Kibo na Mlima Kenya, wenye kilele cha Batian (5,199), basi. Margherita hushika nafasi ya tatu pale Mawenzi unapohesabiwa kuwa sehemu ya Kilimanjaro, si mlima unaojitegemea. Uliza kwanza: tunahesabu milima au vilele?

Mti mrefu wa asili Afrika

Rekodi hii haiko kwenye theluji, iko bondeni. Mwaka 2016 mtafiti Andreas Hemp na wenzake walitangaza mti wa aina ya Entandrophragma excelsum, ukoo mmoja na mikangazi, wenye urefu wa mita 81.5. Jengo la ghorofa ishirini lingetoshana nao. Neno la kushika ni "asili": Afrika Kusini kuna mikaratusi ya kupandwa iliyovuka mita 80, lakini huo ni mti mgeni kutoka Australia.

Wa kwanza kufika kileleni

Vitabu vinawataja Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria, tarehe 6 Oktoba 1889. Lilikuwa jaribio la tatu la Meyer. La pili, mwaka 1888, liliishia mikononi mwa Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, na Meyer akaachiwa baada ya kulipa fidia. Safari iliyofaulu ilikuwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kwenye kambi ya juu baridini, akilinda na kupika, wenzake wakienda kukata ngazi kwenye barafu kwa shoka. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu naye anaenziwa kama mwongoza njia wa kwanza wa mlima huo, ingawa wanahistoria hawajakubaliana kama alifika juu siku ile. Sharti la rekodi hii: ni ya kwanza kati ya zilizoandikwa, na aliyeandika ni Meyer mwenyewe.

Mzee na mtoto

Mwaka 2019 Anne Lorimor, Mmarekani, alifika Uhuru akiwa na umri wa miaka 89. Upande wa watoto, rekodi ya mwaka 2018 ilikuwa ya Mmarekani wa miaka 6, japokuwa kanuni ya hifadhi inataka anayekwenda kileleni awe ametimiza miaka 10. Rekodi hiyo iliwezekana kwa kibali maalumu tu. Rekodi ya mzee haihitaji ruhusa ya namna hiyo.

Mechi ya soka ya juu kuliko zote

Juni 2017 timu mbili za wanawake kutoka nchi mbalimbali zilicheza dakika 90 kamili ndani ya kreta ya Kibo, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, uwanja ukiwa jivu la volkano. Matokeo: 0–0. Sharti: iwe soka. Wacheza kriketi walikuwa wametangulia mwaka 2014, kwenye mita 5,752.

Mwenye kasi kuliko wote

Mgeni wa kawaida hutumia siku tano hadi nane. Karl Egloff, raia wa Uswisi na Ekuado, mwaka 2014 alipanda kwa njia ya Umbwe na kushuka kwa ile ya Mweka kwa muda wa saa 6, dakika 42 na sekunde 24. Lakini mbio hizi zina madaraja: kukimbia huku watu wakikupokea njiani na maji ni daraja moja, kujibebea kila kitu mwanzo hadi mwisho ni jingine. Katika hilo la pili jina kubwa ni la Mtanzania, Simon Mtuy, aliyekwenda na kurudi mwaka 2006 kwa zaidi kidogo ya saa tisa. Kwa hiyo mtu akikutajia muda wake wa Kilimanjaro, muulize kwanza ni nani aliyembebea maji.