Lugha ya kubuniwa ni ngumu kwa nani? Jaribio dogo la Ruashi

Wapenzi wa filamu hupenda kuzipanga lugha za kubuniwa kwa ngazi: hii nyepesi, ile ngumu. Kivaliria cha Juu huwekwa kati ya zile ngumu, na moja ya sababu ni kwamba nomino zake zina ngeli nne. Nne tu! Nilicheka. Ngazi hizo zimepigwa na watu wanaoanzia Kiingereza. Je, anayeanzia Ruashi?

Wakati wa likizo nikamfanya mdogo wangu wa kike mwanafunzi wangu. Ana miaka 13, anasema Kiswahili cha Lubumbashi nyumbani na Kifaransa cha shule.

Tulianza na Kiklingoni, alichokitunga Marc Okrand na kukitolea kamusi mwaka 1985. Kiambishi kimoja cha kitenzi hubeba mtenda na mtendwa pamoja: *qalegh* ni "nakuona". Wengi huona hilo ni balaa. Yeye alilielewa papo hapo, kwani kwetu pia "ninakuona" ni neno moja. Kilichomsumbua ni ile *q* inayotokea nyuma kabisa kooni, na mpangilio wa sentensi. Mtendwa hutangulia, mtenda huja mwisho, hata "mbwa aliuma mtoto" ikawa na maana kwamba mtoto ndiye mwenye meno. "Yaya, sasa nani aliluma nani?"

Kinavi cha filamu *Avatar* (2009), kazi ya Paul Frommer, kilinipa kosa zuri zaidi. *Taron* ni kuwinda. Wakati ujao hutiwa ndani ya mzizi wenyewe: *tayaron*. Yeye akasema *aytaron*. Angalia alichofanya: aliweka alama ya wakati mbele ya mzizi, kama *-ta-* ya "atawinda". Hakukisia ovyo, alifuata sarufi yake.

Basi tukafika Kivaliria, nilikotegemea ushindi. David J. Peterson alikitunga kwa ajili ya *Game of Thrones*. Kuhusu Kidothraki, lugha nyingine ya mfululizo huo, Kiswahili kimo kati ya lugha zilizomsaidia kupata mawazo. Ngeli za Kivaliria ni za mwezi, jua, ardhi na maji, na kivumishi hufuata nomino: *kasta*, *kastys*, *kaston*, *kastor*. Mdogo wangu alisema *kasta* kwa kila kitu. Nikarudia, akarudia *kasta*. Kusema kweli niliudhika.

Jioni nikamsikia akiuliza: "Mama, kitabu yangu iko wapi?"

Hapo nikaelewa. Mimi nilikuwa nimemjaribu kana kwamba amezaliwa Unguja. Kiswahili chetu kimeacha sehemu kubwa ya upatanisho kwa vitu: kitabu yangu, nyumba yangu, yote *yangu*. Kwa watu kinaushika: batoto banakuya. Tena kina *katoto* na *tutoto*, jozi ya udogo ambayo Kiswahili sanifu hakina. Walter Schicho na Johannes Fabian wameandika juu ya lugha hii. Si ugunduzi wangu. Lakini mimi nilikuwa nimeisoma maktabani, na sikuisikia mezani kwetu.

Nikamwomba daftari lake la shule. "Kitabu yangu" ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu mara tano katika ukurasa mmoja, na pembeni mwalimu ameandika kwamba hiki ni Kiswahili kilichovunjika. Hakuna mahali alipoeleza kanuni. Mtoto ameadhibiwa kwa kutojua lugha ambayo kila mtu anadhani ni yake, na wageni wanaojifunza Kiklingoni wanapewa kamusi na maelezo ya kila kiambishi.

Nilichora safu mbili katika daftari hilo: ya nyumbani na ya shuleni, bila kukata chochote. Alizitazama, akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba ni mbili. Sasa tumefika kwenye *changu* na *vyangu*. Kivaliria kimesimama kwanza.